Baridi ya Julai Ilboru: dada wa kazi kakimbia kwa sababu ya midoli yangu

#1 Gawanya12

Wakuu, salaam.

Niende moja kwa moja. Jumatatu dada wa kazi aliaga saa kumi na mbili asubuhi, begi mkononi. Alimuaga mke wangu tu, mimi hata hakunitazama. Kisa ni kwamba alikuwa anatafuta blanketi, akafungua kabati ambalo siku zote nalifunga na ufunguo, siku hiyo nikajisahau. Ndani akakuta watu watano wa urefu wa kiganja wamekaa kuzunguka mafiga. Mmoja hana kichwa. Kichwa chake kilikuwa dirishani, kinakauka.

Kufikia Jumatano balozi wa nyumba kumi yuko sebuleni kwangu, anakunywa chai ya tangawizi kikombe cha tatu, anazunguka mbuyu. "Mwalimu, unajua watu wana maneno." Nikamwambia nayajua, karibu uone. Akasema hapana, leo ana haraka.

Basi nimeona bora niyaseme hapa kwa watu wasionijua. Mimi ni mwalimu wa hesabu, miaka 46, naishi Ilboru ya juu, Arusha. Anayeijua Ilboru mwezi wa saba hahitaji kuelezwa: wiki nzima mlima Meru huuoni, manyunyu hayaishi wala hayawi mvua, nguo zinakaa kambani siku tatu, usiku inashuka mpaka nyuzi 12. Kijiweni hapakaliki. Saa moja kila nyumba imeshajifungia. Wenzangu wanatazama tamthilia. Mimi nakaa mezani na wembe, njiti za mishikaki na gundi.

Ilianza miaka minne iliyopita, binti yangu alipovunja mguu wa mdoli wake nami nikauunga. Nikamtengenezea na kigoda. Kigoda kikataka meza. Sasa binti yuko kidato cha kwanza bwenini, mdoli ameshausahau, na mimi ndiye niliyebaki na mchezo.

Ninachojenga ni jiko la bibi yangu kule Kibosho, Uchagani, lile la mbao na bati lililokuwa nyuma ya nyumba. Lilibomolewa zamani. Kipimo changu ni moja kwa kumi na mbili: kila kitu nagawa kwa 12. Jiko lilikuwa na urefu wa mita 3.6, langu lina sentimita 30. Kigoda cha sentimita 24 kinakuwa cha 2. Mtu wa sentimita 168 anakuwa wa 14. Kwa miaka ishirini nimewafundisha watoto uwiano ubaoni, na sijawahi kuuelewa kama nilivyouelewa nilipokuwa napinda bati. Bati la mawimbi, kutoka mgongo mmoja hadi wa pili ni sentimita 7.6. Gawa kwa 12, unapata milimita 6 na ushei. Nikakata kopo la soda, nikapanga penseli chini, nikaligandamiza. Penseli ina kama milimita 7. Bibi angeniambia fundi kaniibia.

Swali langu: hivi kuna mwingine huku Kaskazini anafanya mambo ya namna hii, au niko peke yangu?

#2 chalii_wa_ngarenaro

Uzi bila picha hatupokei.

Halafu ticha, kichwa kinakauka dirishani na unashangaa dada kukimbia? Mimi ningeruka ukuta na begi ningeliacha.

#3 MangiMstaafu

Hahaha. Mchaga akikosa hela za kuhesabu atahesabu hata bati la kopo la soda. Ila umenikumbusha moshi wa jiko la mama, aisee. Endelea, nimekaa mkao wa kula.

#4 Sauti_ya_Jangwani

Tusichekee kila kitu. Sanamu za watu, kabati lenye ufunguo, usiku, mtu mzima. Mnajua wenyewe vitu hivyo vinatumika wapi. Dada kaona alichokiona. Mwanaume wa miaka 46 anatakiwa awe na mambo mengine ya kufanya. Ni hayo tu.

#5 BintiKisarawe

Ndugu yangu Sauti, taratibu. Mimi kwetu Uzaramoni, huku Moshi nimeletwa na ndoa. Kuna kitu kinaitwa mwana hiti. Ni mdoli wa mti, kiwiliwili kama gogo dogo, hauna mikono, juu nywele zimechongwa kwa mafungu mawili. Alikuwa anapewa mwali akiwa ndani. Anausuka, anaupaka mafuta, anaulea kama mtoto, na hakuna aliyemwita mchawi. Lilikuwa jambo la heshima, na waliolisimamia ni watu wazima. Leo ukitaka kuiona ile ya zamani utaikuta kwenye makumbusho, mpaka Ulaya.

Na ukitazama sana, mwali alikuwa anafanya hicho hicho anachofanya mwalimu. Kakaa ndani, kimya, hatoki, mkononi ana kitu kidogo cha kushughulika nacho.

Kilichoogopesha ni ule ufunguo, mwalimu. Ungeyaweka sebuleni karibu na televisheni, dada angekuwa anayafuta vumbi.

#6 Gawanya12

BintiKisarawe, asante sana. Hilo la ufunguo mke wangu amelisema miaka minne. Leo nimelisikia kwa mtu wa mbali ndipo limeingia.

Sauti, sina ugomvi na wewe, ndugu yangu. Watu wangu wametengenezwa kwa waya, karatasi ya chooni na gundi nyeupe. Huyo aliyekosa kichwa ni mjomba. Kichwa chake nimekirudia mara tatu kwa sababu kila nikimaliza anafanana na mkuu wangu wa shule.

Mwanzo nilikwenda mitumba ya soko la Kilombero hapa Arusha nikanunua Barbie mbili nikidhani nimerahisisha kazi. Nikafika nyumbani, namkalisha Barbie kwenye kigoda, kichwa kinagonga kenchi. Ndiyo nikajifunza: Barbie ana sentimita 29, yule ni wa moja kwa sita. Kwenye jiko la bibi yangu ni jitu la mita tatu na nusu. Ukitaka kuanza, chagua kipimo kwanza ndipo ufungue pochi.

#7 Nipo_Bavaria

Salamu kutoka baridi halisi ya Ujerumani, maana nyuzi 12 huku watu wanavaa kaptula.

Mwalimu, huku usingekuwa unafunga kabati. Mwezi wa 12 saa kumi na robo jioni jua limezama, na mtu anakaa ndani mpaka mwezi wa tatu. Wazee wa kiume wana treni ndogo zinazozunguka chumba kizima, na ukiwatembelea wanakuonyesha kabla hujavua koti. Nuremberg, mji ulio karibu na mimi, umekuwa mji wa vichezeo vya watoto kwa karne nyingi. Kwenye makumbusho yao kubwa ya taifa kuna nyumba ya midoli ya mwaka 1639, ghorofa kadhaa, jikoni masufuria na sahani zimepangwa mpaka unashangaa mkono gani uliingia humo. Na vitu hivi havikuanza kama vya watoto. Vilikuwa vya watu wazima wenye hela zao. Kule Amsterdam mwanamke mmoja, Petronella Oortman, alianza nyumba yake ya midoli ndani ya kabati mwaka 1686, akaiendea zaidi ya miaka 20, na gharama yake ingemnunulia nyumba ya kweli ya kukaa pembeni ya mfereji. Ile ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyojengwa kati ya 1921 na 1924, ni ya kipimo chako hicho hicho cha moja kwa kumi na mbili. Bombani yanatoka maji, lifti inapanda, na chupa za stoo yake ya mvinyo zina mvinyo wa kweli.

Nimeziona baadhi. Nzuri, lakini zote safi mno. Hakuna hata moja niliyoona yenye masizi darini. Jiko la Kibosho bila masizi si jiko, kwa hiyo ukiyaweka umeshawapita.

#8 Gawanya12

Masizi yapo, mkuu. Nimekwangua ya kweli kwenye sufuria la makande, nikayapaka kwa brashi ya wanja ya mke wangu. Hiyo brashi ilizua kesi nyingine, tuiache.

#9 Nesi_wa_zamu

Samahani naingilia starehe zenu. Mwalimu, hicho chumba unachokaa usiku unakipasha joto kwa nini? Nauliza kwa sababu kila kipupwe huku kwetu tunapokea watu walioingiza jiko la mkaa ndani wakafunga madirisha. Ile gesi haina rangi wala harufu. Inaanza kichwa kuuma, kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na huo usingizi wengine hawaamki. Mtu aliyeinamia kazi ndogo kwa saa tatu hatagundua, atasema ni macho yamechoka.

Ongeza hapo mvuke wa supagluu na rangi ya kupuliza, ambayo inashika moto kwa kufumba na kufumbua. Jiko litoke nje likiwa bado lina moto. Vaa sweta mbili.

Na lingine, supagluu ikimwagika usiifute kwa pamba. Ikikutana na pamba inapata moto ghafla. Nimemfunga bandeji mtu aliyeungua vidole viwili akidhani anafanya usafi.

#10 Gawanya12

Dada Nesi, nakiri nilikuwa na jiko chini ya meza mpaka jana. Usiku wa leo nimelitoa. Niko na blanketi la Kimasai mabegani na chupa ya chai. Mke wangu anakusalimia, anasema akuongezee mshahara.

#11 MzeeWaRelini

Vijana habari zenu. Mimi ni mstaafu, nipo Moshi mjini, huku chini hatuna baridi kama yenu lakini mwezi huu hata Moshi unavaa koti jioni.

Mwalimu hauko peke yako. Ninayo stesheni ya Moshi juu ya meza ya chakula tangu mwaka juzi, mimi na mama watoto tunakula mapajani. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Mjerumani, na Arusha ikafika 1929. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli, kwa hiyo majengo yale nayajua kwa miguu. Mimi natumia kipimo cha moja kwa themanini na saba, kinachotumiwa na watu wengi wa treni ndogo. Reli yetu ina upana wa mita moja kamili. Gawa kwa 87, milimita 11 na nusu. Nyingi za dukani za kipimo hicho zina upana mkubwa zaidi, maana zimetengenezwa kwa reli za Ulaya, kwa hiyo ukiweka treni yao ni uongo. Nikaamua kutengeneza reli mwenyewe kwa spoku za baiskeli, nazinyoosha, mataruma yanayolala chini ya reli ni njiti za kiberiti zilizochovywa kwenye oili chafu. Nina kama sentimita 90 zimekamilika. Kila taruma nalipima.

Treni ya abiria ilipokoma miaka ile nilikasirika, nikasema nitaiendesha mezani. Mwezi wa 12 mwaka 2019 ikarudi Moshi ya kweli, na yangu ilikuwa bado haijatembea. Mpaka leo haijatembea. Sina haraka.

#12 chalii_wa_ngarenaro

Shikamoo mzee. Mataruma ya njiti za kiberiti, ngapi hapo?

#13 MzeeWaRelini

Marahaba. Mia moja na thelathini na moja. Moja lilivunjika.

#14 MamaShanga

Mimi sina midoli ila nina uzi na sindano, naomba kiti. Tuko Sekei, msimu huu watalii wengi, kwa hiyo kazi yangu ya shanga ni biashara mchana. Usiku ndiyo yangu mwenyewe. Usiku sifanyi mkufu wa oda, nafanya ninachotaka, au naweka shanga pembeni nafuma. Nikishahesabu shanga nyeupe tano, nyekundu tatu, bluu moja, nyeupe tano, kichwa kinanyamaza. Sijui niseme vipi. Ada, kodi, mwenye nyumba, vyote vinasubiri mlangoni mpaka mstari uishe.

Mwalimu, shanga zile ndogo za Czech zina kama milimita 2. Kwa hesabu yako mara 12 ni sentimita 2.4, si ndiyo? Hiyo ni kitasa cha kabati. Ile kubwa ya mviringo ya udongo ni mtungi wa maji kabisa, tundu lipo tayari. Njoo dukani kwangu nikupe za kuanzia, zilizochanganyika rangi siwezi kuziuza.

Swali: nguo za watu wako unafanyaje? Nilijaribu kumvisha mdoli wa mjukuu kitenge, kikasimama kama bati.

#15 Gawanya12

Mama, shikamoo, na hesabu yako ni sahihi, ungekuwa darasani kwangu ningekupa pata.

Nguo ndiyo sehemu iliyonitoa jasho. Unaweza kugawa urefu kwa 12, uzito wa kitambaa haugawanyiki. Kanga ya kweli inaanguka mwilini kwa sababu ya uzito wake. Ukikata kipande cha sentimita 12 kwa 9 kutoka kanga ile ile, uzi ni ule ule mnene, kwa hiyo kinasimama kama turubai. Na maua yake! Ua moja la kanga linamfunika bibi mzima. Dawa niliyopata ni leso za mkononi kuukuu, zile zilizofuliwa mpaka zinaonyesha upande wa pili, au bitana ya gauni. Fundi cherehani wa jirani ananipa mabaki. Unachanganya gundi nyeupe na maji mengi, unachovya, unamvisha mtu wako, unapanga mikunjo kwa kijiti cha meno, unashikiza na pini mpaka asubuhi. Kwa baridi hii sema mpaka kesho kutwa. Gundi nyeupe na kipupwe haviivani.

Ndizi, viazi na vyakula vyote nilivitengeneza kwa wanga wa mahindi na gundi nyeupe, sawa kwa sawa, na siki matone machache, unakanda mpaka inakuwa kama ugali mlaini. Mkungu wangu wa kwanza sikuweka siki. Baada ya wiki mbili ulikuwa na ukungu wa kijani, nikafurahi, nikadhani rangi imetoka vizuri.

Moto ni taa moja ya LED ya rangi ya chungwa, nimeing'oa kwenye taa za Krismasi, betri ya saa, juu nimefunika vipande vya mkaa. Nikizima taa ya chumba, ukuta wa jiko unawaka kidogo. Hapo huwa nakaa tu.

#16 Sauti_ya_Jangwani

Hizo ndizi unauza?

#17 MangiMstaafu

😂😂😂 Jangwani kumekucha.

#18 BintiKisarawe

Mwalimu, umepotea wiki nzima. Balozi alirudi? Dada je?

#19 Gawanya12

Samahanini, ilikuwa mitihani ya majaribio.

Dada hakurudi, ila alimpigia mke wangu kuulizia hela yake ya siku kumi, akalipwa, akasema anatuombea. Balozi alirudi. Safari hii jiko liko sebuleni, kama BintiKisarawe alivyoshauri. Alikaa mbali kidogo. Akasogea. Akaniuliza kwa nini uchanja wa juu ya moto hauna kuni, kwao Machame kuni zilikauka hapo hapo juu. Nikamwambia kweli, nimesahau. Kesho yake mtoto wake akaleta vijiti vimefungwa kwa uzi, ameagizwa na baba.

Lakini lililonichelewesha kuandika ni jingine. Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua: kigoda cha bibi kilikaa upande gani wa moto? Nilikumbuka mafiga, nikakumbuka kata ya pombe ya mbege ukutani, paka, hata msumari alipotundika koti. Kigoda sikikumbuki. Nilikiweka kulia karibu na mlango kwa sababu hapo kilionekana vizuri. Nikampigia shangazi Kibosho. Akasema mambo ya jikoni hayaulizwi kwa simu, anakuja Arusha Jumamosi kumwona daktari wa macho.

Akaja. Akavua miwani mpya, akavaa ya zamani, akainama pale kama dakika tano bila neno. Akamtambua mjomba, alhamdulillahi, hakumwita mkuu wa shule. Kisha akagusa kigoda kwa kucha. "Hapa hakai mtu. Mama alikaa huku, mgongo ukutani." Nikauliza kwa nini kule gizani. Akaniambia bibi alikuwa wa mkono wa kushoto. Mbele za watu alikula kwa kulia, alisalimia kwa kulia, alimwagia wageni mbege kwa kulia, alifundishwa kwa fimbo. Akiwa peke yake jikoni alikorogea kushoto. Ndiyo maana alikaa kona ile: mlango ukifunguliwa, anayeingia anaona bega la kulia kwanza, na yeye anapata nafasi ya kuhamisha mwiko.

Nimelelewa miaka tisa mikononi mwa mtu yule na sikujua.

Basi usiku nimekaa kuhamisha kigoda. Hakitoki. Nilikigandisha kwa gundi nyeupe mwaka jana na kimeshika kama kimeota. Nikivuta nitang'oa na ubao wa sakafu. Na mkono wake inabidi niukate begani niugeuze.

#20 MzeeWaRelini

Usivute, na kisu weka mbali. Chukua kipande cha sponji, kichovye maji ya moto, kizungushe miguuni mwa kigoda, uache nusu saa. Kama ni gundi nyeupe italainika yenyewe. Ingekuwa supagluu ningekupa pole. Na mkono usiukate kabla hujajua mwiko utaushika wapi. Pinda waya mwingine kwanza, ujaribu, ndipo uukate wa zamani.

#21 MamaShanga

Na upande huo wa ukuta akae na kanga begani, mwalimu. Mgongo ukutani mwezi wa saba, ubao ule unapitisha baridi.

#22 chalii_wa_ngarenaro

Picha, ticha. Wiki ya tatu hii.